Uzi wa Katani

Tulifika Amani ukungu umeshakaa mezani,
umetutangulia kama mgeni asiye na haya.
Meza zenyewe tano. Chumba kilikuwa bohari ya iliki,
na kuta hazijasahau.
Hoza alivua viatu mlangoni, amenuna tangu Muheza:
kona zote zile kwa ajili ya sahani ya wali?
Nikamwambia, hakuna wali.
Akavaa viatu tena.

Mama Loisi Mhina hana orodha ya vyakula.
Anakuja na kanga begani, miwani utosini,
anakupima kwa macho kama fundi cherehani,
kisha anakwenda kupika kinachokutosha.
Miaka kumi na minne alipika Uskoti,
katika nyumba ya wageni chini ya mlima
ambako, anasema, mvua hainyeshi, inaishi.
Amerudi na sufuria mbili nzito, baridi ya magoti,
na mapishi ambayo viungo vyake vilibaki kule.
"Basi nikayatafutia ndugu."

Kwanza supu. Kwao ni samaki wa moshi, viazi, maziwa.
Hapa ni kibua aliyekaushwa kwa moshi wa maganda ya mdalasini,
viazi vya Lushoto, na tui la pili.
La kwanza, anasema, lina kelele.
Hoza akanyanyua kijiko
kama mtu anayetia sahihi karatasi asiyoisoma.
Kijiko kikarudi bakulini. Kikarudi tena.
Sikumtazama. Mwanamume anayebadili mawazo
ukimtazama, anaghairi.

Halafu likaja lile tumbo,
limevimba katika sinia la bati, limeshonwa, linatoka jasho.
Akalipasua mara moja, kimya,
likafunguka: moyo, maini, mapafu ya kondoo,
vitunguu, pilipili manga ya uani,
na uwele mahali pa nafaka yao.
Pembeni magimbi yaliyopondwa kwa siagi.

Hoza akaweka uma chini.
"Mama, hiki ni cha Waskoti?"
"Ndiyo."
"Hiki ni cha shangazi yangu Mwanashehe, wa Magoroto.
Kila tukichinja alikipika. Tulikula sisi watoto,
nyuma ya nyumba, wageni wasituone."

Mama Loisi akavuta kiti.
"Usiku wangu wa kwanza kule, mwenye nyumba aliniandalia hiki.
Akawasha mshumaa. Akasimama, mkono kifuani,
akakihutubia kama bwana harusi.
Akaniambia: binti, hujapata kula kitu kama hiki maishani.
Nami nilikuwa na adabu, na sikuwa na blanketi la pili.
Nikasema: kweli, sijapata."

Jikoni kitu kikachemka, kikafurika. Hakwenda.

"Kinachoniuma si uongo ule," akasema.
"Ni mshumaa.
Sisi hatukuwahi kukiwashia hata kibatari."

Hoza akaomba maji ya kunawa.
Akala kwa mkono, taratibu, akisafisha sinia pembe kwa pembe,
na mimi niliyelipia nikabaki na magimbi.

Mwisho, kitamu: uwele uliokaangwa mkavu, maziwa ya mgando,
forosadi, asali ya nyuki wadogo.
Wao hutia kileo. Yeye aliitazama kofia ya Hoza,
akatia chai ya rangi iliyokolea moshi.
Bili aliiandika kwenye daftari la shule,
akakosea hesabu kwa faida yetu, akakataa kusahihishwa.

Tukateremka kwa taa hafifu.
Kona ya tatu nikaona ana kitu kidoleni, anakizungusha:
uzi wa katani, ule ulioshonea tumbo.
"Shangazi aliuchomoa kwenye magunia," akasema,
kisha hakusema neno mpaka Muheza,
ila mara moja aliuliza kama mishumaa iko nyumbani.

Jumatatu, nikipekua mifuko kabla ya kufua,
nikaukuta, umekauka, unanuka pilipili manga.
Nikafua suruali.
Nikaurudisha.